Wakware Elfu Nne na Ushei

Nchi yenyewe ipo, ila jina lake halitajwi bila kibali, na ofisi ya vibali imefungwa kwa ukarabati tangu fundi wake alipokuwa kijana. Tuiache bila jina, haitapungukiwa kitu. Ina bendera, ina wimbo wa taifa wenye beti kumi na tisa, na ina utaratibu mzuri sana wa mapumziko ya mchana. Ikigonga saa saba, wakubwa wote wa serikali hufunga mafaili na kwenda vikaoni, wasionekane tena mpaka saa kumi. Vikao hivyo havina ajenda wala muhtasari, na wajumbe wake kwa kawaida ni wawili: mmoja mwenye cheo na mwingine mwenye shida.

Vingi vya vikao hivyo vilifanyikia Tulizana Gesti, nyuma ya soko la mitumba. Mwenye gesti alikuwa Bi Sikudhani binti Mafita, mjane wa miaka hamsini na kitu, mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa tatu. Marehemu mumewe alimwachia vyumba tisa, kisima, na kibaraza kirefu ambacho hakikukauka watu hata mvua ikinyesha. Wasusi walisukia pale, wauza vitumbua walipumzikia pale, na mtu akitaka kujua nani kaachika na nani karudiwa, hakuwa na haja ya kununua gazeti.

Sheria ya nchi ile ilitaka kila mgeni wa gesti aandikwe katika kitabu cha wageni: jina, atokako, aendako na kazi yake. Kila Jumatatu askari aitwaye Koplo Tindwa alipita kukikagua, na kila mwisho wa mwezi nakala ilipelekwa Idara ya Takwimu. Nafasi moja ikikutwa wazi, gesti inafungwa.

Sasa wageni wa saa saba hawakuwa na tabu na jina. Siku moja waliingia wanane, wote wakiitwa Juma Ali, wote wametoka mjini na wote wanakwenda mjini. Walikuwa wanakwama kwenye kazi. Mkurugenzi ataandikaje mkurugenzi? Wakawa wanaruka pale, na Bi Sikudhani, kwa kuogopa kufungiwa, anawajazia "mfanyabiashara". Alifanya hivyo miaka mingi bila kinyongo, mpaka alipokuja binti wa bahasha.

Binti huyo aliitwa Mwajabu, ametoka chuo mwaka ule, viatu vimepigwa rangi ya kung'aa, vyeti vyake vimo kwenye bahasha ya plastiki ameikumbatia kama mtoto mchanga. Aliletwa na mkurugenzi mmoja mwenye miwani ya dhahabu. Akakaa kwenye benchi na kumuuliza Bi Sikudhani kwa heshima zote kama wajumbe wa jopo la usaili wameshafika, maana ameambiwa usaili utafanyika chumba namba sita.

Bi Sikudhani alimtazama binti, akaitazama miwani. Mwenye miwani alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka pale, anasaini, na mbele yake hakukuwa na namna ya kusema. Basi bwana huyo alipokwenda uani kunawa uso, Bi Sikudhani akachukua kalamu, akajaza ile nafasi ya wazi, akamgeuzia binti kitabu. Akamwambia sheria inataka msailiwa asome na kuhakiki.

Mwajabu akasoma. Juma Ali. Anatoka mjini. Anakwenda mjini. Kazi: mkware.

Hakuuliza swali. Aliikaza bahasha yake kwapani, akauliza mlango wa nyuma uko wapi. Mwenye miwani aliporudi na uso wake msafi, akaambiwa msailiwa ameshafaulu, kaondoka.

* * *

Kuanzia siku ile Bi Sikudhani akawa anaandika ukweli. Hakuonea mtu. Dereva wa lori aliyelala kwa uchovu aliandikwa dereva, na bwana harusi aliyekuja na mkewe aliandikwa bwana harusi. Lakini mwenye kustahili neno lake alipewa, kwa mwandiko mzuri wa kulala, na kila msichana aliyeingia akiwa hajui alisomeshwa kitabu kwanza. Chausiku, mfua mashuka wake, alikuwa anatania kwamba mlango wa nyuma sasa unatumika kuliko wa mbele, bawaba zinahitaji mafuta.

Habari hazikai kwenye kibaraza kama kile. Mwenye gesti wa stendi alisikia, akaiga. Wa mpakani akasikia kwa wa stendi. Mwaka haujaisha, vitabu vya wageni nchi nzima vilikuwa vinaandika neno moja.

Na hakuna mwanamke hata mmoja aliyehitaji kuelezwa maana yake. Mkware ni yule mwanamume ambaye macho yake hufika kabla yake. Anamwita kila mwanamke mchumba kwa sababu hakumbuki jina la hata mmoja. Akikusaidia kubeba ndoo, anataka kujua unalala chumba kipi. Matumizi ya neno nayo yana adabu yake: halisemwi mbele ya mwenyewe, husemwa akishageuka, kwa sauti ya chini, na anayeambiwa huwa ni yule aliye karibu kudhurika. Ndiyo maana nchi nzima ililijua neno hilo isipokuwa wenyewe wakware. Hawajawahi kubaki nyuma ya migongo yao wakasikia.

Hapo ndipo Idara ya Takwimu ilipopata msiba wake. Idara ile haitupi namba. Mkuu wake alikuwa mtu mwaminifu aliyesoma ughaibuni miaka ishirini, na alipopokea vitabu vya gesti alijumlisha alichokikuta. Kikatoka kitabu cha Hali ya Ajira Nchini, chenye jalada la kumetameta. Wauguzi elfu tatu na tisini. Wapima ardhi mia mbili. Wakware elfu nne mia tatu kumi na sita. Akaongeza maelezo kwamba sekta ya ukware inakua kwa kasi kuliko pamba, inaajiri watu wazima wenye elimu, na inajiendesha yenyewe bila kuomba mbegu wala mbolea. Akashauri itambuliwe.

* * *

Ikatambuliwa. Siku ya Sikukuu ya Mafanikio, Mtukufu Kiongozi alisimama uwanjani mbele ya watu elfu sitini, akavaa miwani, akasoma hotuba iliyoandikwa kutokana na kitabu kile. Alianza na barabara, akaja kwenye pamba, kisha akanyoosha kidole juu.

"Sasa niwataje wakware wetu," alisema. "Hawa ni watu wanaofanya kazi mchana, juani, bila kusukumwa na mtu. Serikali yangu inawathamini. Na niwaambie siri, ndugu wananchi. Hata mimi, kabla hamjanipa dhamana hii, nilikuwa mkware. Na mpaka leo, shughuli za ikulu zikiniruhusu, sijaacha."

Uwanja ulinyamaza kwa muda wa mtu kumeza mate. Halafu zikalipuka shangwe ambazo hazijawahi kusikika katika nchi ile, dakika kumi na moja mfululizo. Watu walianguka kwenye viti. Watu wa huduma ya kwanza walikuja na machela, wakacheka, wakabebwa kwenye machela hizohizo. Mtukufu alipunga mikono yote miwili na machozi yakimlengalenga, maana hakujua kuwa anapendwa kiasi kile. Mama wa Taifa, aliyekaa kulia kwake, ndiye pekee ambaye hakupiga makofi. Hakuonekana kushangaa pia.

Kesho yake baraza la mawaziri lilikutana kwa dharura. Nani wa kumweleza? Hakupatikana. Aidha, katiba ya nchi ile inasema wazi kwamba hotuba ya Mtukufu haiwezi kuwa na kosa. Likipatikana kosa, basi limo kwenye lugha. Kazi ya kuirekebisha lugha akapewa Waziri wa Maana, Mheshimiwa Profesa Hamdani Ngurumbe, mtu wa suti tatu kwa siku na sentensi moja kwa saa.

Profesa aliunda Kamati ya Taifa ya Maana Sahihi. Wajumbe walikuwa kumi na mmoja, wanaume watupu, walioteuliwa kwa kigezo cha uzoefu. Walikaa hoteli ya kando ya ziwa siku arobaini na kila mchana walikwenda kikaoni. Mwishoni wakatoka na maana mpya, nayo ikabandikwa kila ofisi ya kata:

Mkware: mtumishi mwadilifu wa ngazi ya juu anayejipumzisha mchana kwa manufaa mapana ya taifa. Mfano wa matumizi: Baba yangu ni mkware, nami nikikua nitakuwa mkware.

Watoto wa shule wakakaririshwa. Nishani za shaba zikachongwa, zenye neno lenyewe kwa herufi kubwa, zivaliwe kifuani upande wa moyo. Na yeyote atakayelitumia neno kwa maana ya zamani, iwe kwa kunong'ona, kusonya au kubinua mdomo, atakula miezi sita.

Palibaki kitu kimoja. Kwa sheria za nchi ile, neno lililokwishaingia katika nyaraka za serikali haliwezi kubadilishwa maana bila saini ya mtu aliyeliingiza. Wapelelezi wakapekua vitabu vya gesti zote, wakafika kwenye kitabu cha kijani cha Tulizana, ukurasa wa arobaini na moja, mwandiko wa kulala.

* * *

Profesa Ngurumbe alikuja na magari matatu. Kibaraza kilijaa siku hiyo kuliko siku zote, kila mtu akijifanya anasukwa. Alikataa kiti, akakubali maji, akakohoa na kuanza kueleza. Lugha ni mali ya umma, umma ni mali ya serikali, na serikali, kwa unyenyekevu mkubwa, imekuja yenyewe kuchukua kilicho chake. Bi Sikudhani akitia saini, gesti yake itapandishwa kuwa Chuo cha Taifa cha Wakware, yeye akiwa mlezi wa heshima, na barabara itawekwa lami mpaka mlangoni. Asipotia saini, leseni inafutwa na mlango unapigwa lakiri.

"Nyumba ndiyo hii tu uliyoachiwa, mama," alisema kwa upole. "Na sisi tunakuomba herufi sita tu."

Bi Sikudhani alijibu kwamba ni kweli, ni sita tu, naye hajui kwa nini zinawafanya wasipate usingizi. Profesa akatabasamu tabasamu la kitabuni. Akamwachia karatasi, akamwambia saini itatiwa hadharani siku ya kuvalishwa nishani, wiki ijayo.

Magari yalipoondoka, Chausiku alikaa chini na beseni lake la mashuka. Alimwambia shoga yake asaini. Neno ni neno tu, wanawake watatafuta jingine, wao hawajawahi kuishiwa maneno.

"Jingine watalivisha suti vilevile," Bi Sikudhani alisema.

Lakini usiku ule hakulala vizuri, tusidanganyane. Vyumba tisa ni vyumba tisa. Alikuwa na wajukuu wanne wanaosomeshwa na vyumba hivyo, na kwa siku mbili moyo wake ulikuwa unaegemea upande wa kalamu. Alianza hata kuwaza lami itaanzia wapi.

Siku ya tatu, saa saba, akaingia Juma Ali mwingine, mpana, na nyuma yake binti mwenye mkoba wa vyeti. Bi Sikudhani alifanya kama kawaida yake. Alijaza nafasi ya wazi, akamgeuzia binti kitabu, akangoja aulizwe mlango wa nyuma.

Binti akasoma. Uso ukamng'aa.

"Kumbe mheshimiwa ni mkware," alisema. "Nilikuwa na wasiwasi bure, mama. Mwalimu wetu alitusomesha."

Akainuka, akamfuata yule mpana chumbani.

Bi Sikudhani alibaki amesimama na kalamu mkononi, na baadaye Chausiku alihadithia kwamba hajawahi kumwona shoga yake amenyauka vile, hata kwenye msiba wa mumewe. Ilikuwa ni muda mfupi sana. Kisha akakamata pampu ya dawa ya kunguni iliyokuwa nyuma ya mlango, akaenda chumba namba sita, akapiga teke, akaingia akipuliza. Juma Ali alitoka mbio akipiga chafya, kiatu kimoja mkononi, akitishia kufunga mji mzima. Binti alikutwa dirishani, bado na mkoba wake begani, akikohoa kwa hasira.

"Si mmeandika wenyewe ni mkware?" alilalamika.

 Wanawake wale wawili walimkalisha jikoni, wakampa chai, wakamweleza kwa maneno marefu kile ambacho zamani kilikuwa kinaelezwa kwa neno moja. Iliwachukua saa nzima, na mtu anayetakiwa kukimbia hana saa nzima.

Jioni hiyo Bi Sikudhani aliikunja karatasi ya Profesa na kuitia chini ya mguu wa meza uliokuwa unapwaya.

* * *

Ukumbi wa Taifa ulijaa. Chini walikaa wakware mia nane wa kundi la kwanza, suti nyeusi, nishani zikiwaka vifuani. Roshani ya juu ilijaa wake zao, walioalikwa kwa barua rasmi ili wapige makofi. Bendi ya polisi ilikaa pembeni. Profesa Ngurumbe alizungumza dakika hamsini, akamshukuru Mtukufu mara thelathini na moja, kisha akamwita jukwaani Mama wa Neno, Bi Sikudhani binti Mafita, aje atie saini na kuusomea umma maana sahihi.

Alipanda jukwaani na gauni lake la zambarau la harusini. Akapewa kalamu ya dhahabu na kipaza sauti. Kalamu akairudisha.

"Hilo neno si langu wala la Profesa," alisema. "Nililikuta kwa mama yangu, naye alilikuta kwa mama yake. Mkware ni mwanamume mwenye njaa isiyo na adabu, anayemwambia mtoto wa watu njoo nikupe kazi. Tunaambiana ili tuokoane. Mkilichukua, binti zenu wataingia mlangoni wakicheka. Gesti mnaweza kuifunga. Saini sitii."

Walikata umeme wa kipaza sauti kwenye neno "njaa", lakini huyu ni mtu aliyezoea kumwita Chausiku kisimani akiwa barazani. Roshani ilisikia yote. Mama mmoja mwenye hina mikononi akainama juu ya ukingo, akamtazama mumewe kule chini, akalisoma kwa sauti lile neno la shaba lililokuwa kifuani mwake. Wa pili akamsomea wa kwake. Kufumba na kufumbua, roshani nzima ilikuwa inasoma.

Wale waume mia nane walifanya kitu kimoja, bila kuamriwa. Kila mmoja alipeleka kiganja kifuani kufunika nishani. Kiongozi wa bendi, kuona ukumbi mzima umeweka mkono moyoni, alijua kinachopasa kufanyika. Akainua fimbo, na wimbo wa taifa ukaanza. Kwa sheria hakuna anayeruhusiwa kutikisika mpaka uishe. Wakasimama hivyo, beti kumi na tisa, viganja vifuani, wake zao wakiwatazama kutoka juu.

* * *

Amri ya kufunga Tulizana ilitoka kesho yake asubuhi. Ilisema jengo linahatarisha afya ya maana.

Aliyetumwa ni Koplo Tindwa, na ndoo ya gundi, karatasi ya lakiri na mnyororo. Alimkuta Bi Sikudhani ameshatoa vitu vyake nje, masufuria, magodoro na picha ya marehemu, na nusu ya mtaa imekaa juu ya magodoro hayo ikinywa kahawa. Wajukuu wanne watakwenda kwa Chausiku, hilo lilikuwa limeshaamuliwa, na ada za shule zitajulikana huko mbele. Walimpisha Koplo apite bila kumtukana, jambo lililomtia aibu kuliko matusi.

Akapiga mnyororo. Akachovya brashi. Akapaka gundi upande mmoja wa mlango, kisha akasita, brashi inadondosha. Akageuka kutazama barabarani, akamsogelea Bi Sikudhani kama mtu anayetaka kuomba kiberiti.

"Dada, nina binti yangu, Tausi," alisema kwa sauti ya chini. "Kamaliza ukarani. Kaitwa usaili leo saa saba na Katibu wa Idara ya Mbegu, yule mwenye gari la kijivu. Wewe umekaa na vile vitabu. Yule bwana ni nani?"

 Miezi sita kwa kunong'ona, na anayeuliza amevaa sare. Chausiku alimkanyaga shoga yake mguu kwa siri.

"Mkware," alisema Bi Sikudhani, wala hakunong'ona.

 Koplo Tindwa aliweka ndoo chini, akajifuta gundi kwenye suruali ya serikali, akatoa simu. Ilikuwa saa sita na dakika arobaini. Iliita sana kabla ya kupokelewa.

"Tausi, uko wapi? Shuka hapohapo, usiende. Ndiyo, najua ni kazi. Mwanangu, nisikilize baba yako. Yule mtu ni mkware."

Wote walitega masikio. Binti upande wa pili hakuuliza maana yake; walimsikia akimwambia kondakta anashuka.